Ganzi Isiposhika: Namna ya Kutibiwa Jino Bila Kuvumilia Maumivu

Mbane mtu anayeogopa kwenda kwa daktari wa meno akueleze hasa anaogopa nini. Mara nyingi si sindano wala mlio wa mashine. Anaogopa kuchongwa jino huku ganzi haijashika, naye mdomo umejaa pamba na mpira wa kunyonya mate, hana njia ya kusema. Wengine yameshawakuta. Wakaambiwa "vumilia kidogo, tunamaliza", wakavumilia, na tangu siku hiyo jino likiuma wanameza vidonge mpaka shavu livimbe.

Ganzi kutoshika ni jambo linalotokea, na sababu zake zinajulikana. Karibu kila sababu ina njia yake ya kutatuliwa palepale kwenye kiti. Tatizo ni kwamba maumivu hayaonekani kwa macho. Daktari akiwa ameinamia jino lako, hata vidole vya miguu ulivyovikunja havioni. Kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata kazi yako kubwa ni kumpa habari, mapema na bila kuona haya.

Hatua ya 1: Nenda jino likiwa halijawaka

Dawa ya ganzi hufanya kazi kwa kuziba vijitundu vilivyo kwenye ukuta wa neva, vile ambavyo sodiamu hupitia. Sodiamu isipoingia, neva haiwezi kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Lakini ili ivifikie vijitundu hivyo, dawa lazima kwanza iupenye ukuta wenyewe, na hapo ndipo jino lililooza hadi kwenye kiini, ile sehemu laini ya ndani yenye neva, linapoleta ukaidi. Penye uvimbe na usaha tishu huwa na asidi kuliko kawaida, na asidi hiyo huifanya sehemu kubwa ya dawa ishindwe kupenya. Isitoshe, neva za jino lililowaka zimekaa chonjo. Kitu kidogo tu zinapiga kelele.

Jino linaloshtuka ukinywa maji baridi kisha likatulia baada ya sekunde chache, kwa kawaida hukubali ganzi bila vurugu. Likifika hatua ya kukuamsha usiku, au kuendelea kupwita dakika kadhaa baada ya kinywaji cha moto, mambo yamebadilika, hasa likiwa gego la chini. Simaanishi kwamba likifika hapo usiende. Nenda, tena haraka, ila nenda ukijua kwamba sindano moja huenda isitoshe.

Wakati unasubiri siku ya miadi, usiweke aspirini juu ya ufizi. Itauunguza, na utakwenda kwa daktari na kidonda cha pili. Antibiotiki nazo hazitulizi maumivu ya kiini cha jino; zina kazi yake pale maambukizi yanaposambaa, na hilo ni la daktari kuamua. Kwa mtu anayeruhusiwa kutumia ibuprofeni, kuimeza kama saa moja kabla ya matibabu kunaweza kusaidia ganzi ishike vizuri zaidi kwenye jino lililowaka, kwa kuwa hupunguza zile kemikali za uvimbe zinazozichochea neva. Muulize daktari kwa simu kabla ya kufanya hivyo.

Ukiwa na homa, uvimbe unaoshuka kuelekea shingoni, au ukishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, usisubiri miadi yoyote. Hiyo ni safari ya hospitali, idara ya dharura, saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Sema yote kabla kiti hakijalazwa

Kuongea umekaa wima, mdomo ukiwa mtupu, ni tofauti kabisa na kujaribu kujieleza umelala chali mbele ya taa. Kwa hiyo maliza maneno mapema. Mwambie kama ganzi iliwahi kukataa, jino lilikuwa la upande gani, na kama uliwahi kuzimia. Sentensi moja inatosha: "Mara ya mwisho gego la chini halikushika ganzi, niliumia sana, naomba tuhakikishe kabla ya kuanza." Daktari makini hatachukia kusikia hivyo. Akichukia, umepata habari muhimu kumhusu.

Taja pia dawa zote unazotumia. Za presha, hasa propranololi, maana inaweza kugongana na adrenalini inayochanganywa kwenye ganzi. Za kuzuia damu kuganda. Za sonona. Kama umetumia kokeini hivi karibuni, sema, hata kama ni aibu. Ikikutana na adrenalini moyo unaweza kuyumba vibaya. Mjamzito aseme pia, si kwa sababu hatatibiwa, maana lignokaini, dawa ya kawaida ya ganzi, hutumika kwa wajawazito, bali ili dawa nyingine na eksirei vipangwe ipasavyo.

Kuna wanaosema "mimi nina aleji na ganzi". Wapo kweli, lakini ni wachache mno. Wengi walipata kizunguzungu au moyo uliwaenda mbio, wakaondoka na jina la aleji. Jina hilo lina asili yake katika historia: prokaini, dawa ya ganzi iliyoanza kutumika mwaka 1905, ilikuwa inasababisha aleji zaidi, ilichelewa kushika na ilikwisha upesi. Lignokaini, inayotumika zaidi leo, ilitengenezwa na mkemia wa Uswidi, Nils Löfgren, mwaka 1943, na ni ya kundi jingine la dawa. Kwa hiyo badala ya kusema una aleji, eleza kilichotokea: ulivimba? Ulitoka vipele? Ulishindwa kupumua? Au ulitokwa jasho jembamba ukaona giza? Majibu hayo yanampeleka daktari sehemu tofauti kabisa.

Hatua ya 3: Kula, na kubaliana ishara

Kama utapewa ganzi ya sindano tu, kula kabla ya kwenda. Tumbo tupu pamoja na hofu ndiyo njia fupi ya kuzimia kwenye kiti. Kama utapewa dawa ya usingizi, basi fuata masharti ya kufunga uliyopewa.

Ishara iwe moja, rahisi: ukiinua mkono wa kushoto, kila kitu kinasimama. Si "nitamaliza kipande hiki". Kinasimama. Omba muijaribu mara moja kabla ya kuanza, umwone akitoa chombo mdomoni. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini mwili unaojua kwamba una breki hulegea, na mgonjwa aliyelegea huumia kidogo kuliko aliyekakamaa.

Kwa mwenye hofu kubwa, sehemu nyingine zina gesi ya kucheka. Ndiyo ileile ambayo daktari wa meno Mmarekani, Horace Wells, aliivuta mwezi Desemba 1844 akang'olewa jino lake mwenyewe. Leo gesi hiyo hutumika zaidi kutuliza wasiwasi. Sindano ya ganzi inabaki palepale.

Hatua ya 4: Sindano yenyewe

Uchungu wa sindano unaweza kupunguzwa sana, na sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwa daktari. Kwanza kuna jeli ya kupaka. Ili ifanye kazi, ufizi lazima ukaushwe kwa pamba, jeli ikae dakika 1 au 2, ndipo sindano ifuate. Ikipakwa juu ya mate na sindano ikaingia papo hapo, ni mapambo tu. Unaweza kuomba kwa adabu: "Naomba iachwe kidogo ifanye kazi."

Kinachouma zaidi mara nyingi si ncha ya sindano bali dawa inayosukumwa kwa kasi ndani ya tishu. Dawa ikiingia polepole, kiasi cha mililita 1 kwa dakika nzima, utasikia mbano tu. Kichupa kimoja cha ganzi ya meno kwa kawaida kina mililita 1.8 au 2.2, kwa hiyo sindano inayochukua dakika moja na nusu si dalili kwamba daktari hajui kazi. Ni kinyume chake. Wewe fumba macho, toa pumzi ndefu kupitia mdomoni, na legeza mabega. Sindano ya kwenye kaakaa ndiyo inayouma kuliko zote kwa sababu nyama ya pale imebana kwenye mfupa, dawa haina pa kutanuka. Ukiambiwa itachomwa huko, jiandae kwa sekunde chache za uchungu wa kweli.

Mambo mawili huwashtua watu. La kwanza ni umeme unaopiga ghafla kwenye ulimi au mdomo wa chini. Maana yake ncha imegusa neva. Toa ishara, daktari atairudisha sindano nyuma kidogo kabla ya kuendelea. La pili ni moyo kuanza kwenda mbio na mikono kutetemeka dakika moja hivi baada ya sindano. Hiyo kwa kawaida ni adrenalini. Huwekwa kwenye ganzi ili ibane mishipa ya damu, dawa isichukuliwe haraka na damu, na ganzi idumu. Mtetemeko hupungua baada ya dakika chache. Mweleze hata hivyo, maana zipo ganzi zisizo na adrenalini, kama mepivakaini ya asilimia 3, ingawa nyingi haziwi na muda mrefu.

Hatua ya 5: Subirini, kisha pimeni

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoharibikia, na sababu ni haraka tu.

Taya la juu ni jepesi. Mfupa wake ni mwembamba na una vitundu vidogo vidogo, dawa ikiwekwa kando ya jino huchuja hadi kwenye mzizi, na dakika 3 hadi 5 kwa kawaida zinatosha. Magego ya chini ni habari nyingine. Mfupa wa pale ni mnene, kwa hiyo daktari hulazimika kuingiza sindano nyuma kabisa ya mdomo ili kuikamata neva kuu kabla haijaingia ndani ya taya. Hailengwi kwa macho, inalengwa kwa kukisia kutokana na alama za mfupa, na watu hawafanani. Hata mikono yenye uzoefu hukosa. Ganzi hiyo inaweza kuchukua dakika 10 hadi 15 kukolea.

Mdomo wa chini ukianza kuwa mzito na ulimi kuwa mnene upande mmoja, wengi hudhani kazi imekwisha. La hasha. Mdomo uliokufa ganzi unathibitisha kwamba dawa imefika kwenye neva, lakini hauthibitishi kwamba jino lenyewe limelala. Njia ya kujua ni kulipima jino. Kwa jino ambalo kiini chake kingali hai, daktari anaweza kupulizia kipande kidogo cha pamba dawa ya baridi kali, akakigusisha kwenye jino bovu. Aanze na jino zima la upande usio na ganzi, ujue baridi yenyewe ikoje: inakuja kama mkuki, unainua mkono. Halafu aguse jino lenye shida. Kama huhisi chochote baada ya sekunde kadhaa, hiyo ni dalili nzuri sana, ingawa kwa jino lililowaka bado si hakikisho. Kama unahisi hata kidogo, sema "bado". Usione unamchelewesha. Dakika 5 za kusubiri ni rahisi kwenu nyote kuliko kuanza, kuruka, kusimama, na kuanza upya na mgonjwa ambaye sasa haamini mtu.

Kwa jino la kung'olewa, kipimo ni ncha ya chombo kubanwa kwenye ufizi pande zote, wa nje na wa ndani. Usijibu "sawa" kwa mazoea. Jibu unachohisi.

Hatua ya 6: Jua tofauti ya mbano na maumivu

Ganzi huzilaza kwanza neva nyembamba zinazobeba maumivu. Zile nene zinazobeba mguso na mgandamizo ni ngumu zaidi kulala. Kwa hiyo utahisi kusukumwa, kutikiswa na kuvutwa, na hilo halina maana kwamba ganzi imekataa. Wakati wa kung'oa, taya hukandamizwa mpaka kichwa kinatikisika, na mlio wa jino likiachana na mfupa unasikika kana kwamba umetoka katikati ya ubongo, kwa sababu sauti inapita kwenye mfupa moja kwa moja hadi sikioni. Inatisha. Haiumi.

Maumivu yana sura nyingine: ni makali, yanachoma au yanapiga kama mshale, na mwili unaruka wenyewe kabla hujafikiri. Ukipata hayo, mkono juu. Kisha eleza kwa maneno yanayosaidia: "kali, ndani ya jino", "inauma upande wa ulimi", "ni ufizi, si jino". Kila moja ya sentensi hizo inamwonyesha daktari neva ambayo bado iko macho. "Inauma" peke yake haimwambii achome wapi.

Hatua ya 7: Ganzi ikikataa kabisa

Daktari ana njia nyingi kuliko unavyodhani. Anaweza kurudia sindano ileile, juu kidogo. Anaweza kuongeza artikaini upande wa shavu, karibu na gego lenyewe. Dawa hii hupita kwenye mfupa vizuri kuliko lignokaini. Anaweza kuingiza sindano fupi kwenye upenyo kati ya jino na mfupa, penye zile nyuzi zinazolishikilia jino. Shinikizo lake ni kubwa lakini hushika ndani ya sekunde chache. Kuna vifaa vya kuweka dawa ndani ya mfupa moja kwa moja. Na katika kusafisha mzizi, kiini kikishafunguliwa, dawa inaweza kudungwa ndani ya kiini chenyewe. Hii ya mwisho huuma vikali kwa muda mfupi, halafu kimya kinaingia. Mwambie akutahadharishe kabla ya kuifanya, asikushtukize.

Wagonjwa wengi huona haya kuomba sindano ya tatu wakidhani watazidishiwa dawa. Tupige hesabu. Kichupa cha mililita 1.8 cha lignokaini ya asilimia 2 kina miligramu 36. Hata kwa kikomo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito, mtu mzima mwenye afya na kilo 70 anafikia miligramu 308, yaani vichupa kama 8. Sindano ya tatu iko mbali na hapo. Kwa mtoto hesabu hubadilika kabisa kwa sababu ya uzito, na wazee na wenye ugonjwa wa ini au moyo nao huhitaji kipimo kidogo, kwa hiyo mzazi asione aibu kuuliza kikomo cha mwanawe ni kipi.

Na kama kila kitu kimeshindikana? Matibabu yasiyo ya dharura yanaweza kuahirishwa. Daktari anaweza kuweka dawa ya kutuliza ndani ya jino na kuliziba kwa muda, uvimbe upungue, mrudi siku nyingine, au akupeleke kwa bingwa au mahali penye dawa za usingizi. Kauli ya "naomba tuishie hapa leo" ni haki yako. Kumshikilia mgonjwa, hasa mtoto, amalizwe huku akilia kwa maumivu, ndiko kunakozaa watu wazima wanaoacha meno yao yaoze.

Hatua ya 8: Masaa ya baadaye

Jino lenyewe huamka baada ya kama saa 1, lakini mdomo, shavu na ulimi vinaweza kubaki vizito masaa 3 hadi 5. Usitafune wala kunywa cha moto mpaka vizinduke. Watoto wasiachwe peke yao: mdomo usio na hisia huwafurahisha, wanauma na kuunyonya, na asubuhi umevimba na kuchubuka mpaka mzazi anadhani ni maambukizi.

Meza kidonge cha kwanza cha maumivu kabla ganzi haijaisha. Ukisubiri maumivu yafike kileleni, kidonge kinapanda mlima. Kwa watu wazima wasio na kizuizi, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000 hutuliza maumivu ya jino vizuri kuliko kila moja peke yake. Parasetamoli isizidi miligramu 4000 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, aiache ibuprofeni mpaka azungumze na daktari.

Jicho likishindwa kufumba na mdomo ukipinda mara baada ya sindano, dawa imetangatanga hadi kwenye neva ya uso. Huisha pamoja na ganzi. Likinge jicho lisikauke, na mjulishe daktari siku hiyohiyo. Taya kukaza siku mbili tatu baada ya sindano ya nyuma si ajabu. Ila mpigie simu kama ganzi ya mdomo au ulimi ingalipo kesho yake. Piga pia kama ulingʼolewa jino, ukapata nafuu, kisha siku ya 2 hadi ya 4 maumivu yakarudi makali yakipanda sikioni na mdomo ukinuka: bonge la damu linaloziba tundu la jino limetoka mapema na mfupa uko wazi. Huhitaji kuvumilia hilo; kidonda kinaoshwa na kuwekwa dawa, na nafuu huja haraka. Sigara ni chanzo kikubwa, na kusukutua kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza nako kunaweza kuling'oa bonge hilo.

Kabla hujaondoka, muulize daktari akuandikie kwenye karatasi: dawa gani ilitumika, yenye adrenalini au bila, vichupa vingapi, na ni sindano ipi iliyofanikiwa kulilaza jino. Karatasi hiyo mpe daktari yeyote atakayekutibu safari ijayo, naye ataanzia pale mwenzake alipoishia.